Jinsi ya kupima hali ya maji ya bwawa kwa kutumia zooplanktoni

Chupa ya maji iliyochotwa bwawani na kupelekwa maabara hueleza maji yalivyokuwa saa ile ilipochotwa, basi. Kiroboto maji, mmoja wa zooplanktoni, yaani wanyama wadogo sana wanaoelea majini, aliyenaswa saa hiyohiyo ameishi humo siku kadhaa au wiki. Amekula mwani uliokuwepo, amevumilia oksijeni ilipopungua usiku, amewindwa na samaki, na kama mvua ya juzi iliingiza dawa ya shambani, dawa hiyo imemfikia. Ndiyo faida ya kuhesabu wanyama hawa wadogo pamoja na vipimo vya nitrojeni, fosforasi na oksijeni: wanaonyesha kilichopita, hata kama hukuwepo siku kilipopita.

Wana mpaka wao, lakini. Hawasemi kama maji ni salama kunywa. Bakteria wa kinyesi hupimwa kwa kutafuta E. coli, na hakuna zooplanktoni atakayekufanyia kazi hiyo. Wanachojua kusema ni habari ya virutubisho vilivyozidi, oksijeni, tope, na sumu zinazoua wadudu. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba majedwali mengi ya kutafsiria matokeo yalitengenezwa kwenye maziwa ya baridi ya Ulaya. Ukiyabandika kama yalivyo juu ya mabwawa ya Mindu, Mtera na Nyumba ya Mungu ya Tanzania, au Masinga la Kenya, utaliita chafu bwawa lisilo na kosa.

Vifaa

Kifaa kikuu ni wavu wa planktoni: koni ya kitambaa cha nailoni, mdomo wa sentimita 30, urefu usiopungua mara tatu ya mdomo, na kikombe cha kukusanyia chini. Matundu yawe ya maikromita 60 hivi. Wauzaji wengi wana ya 63 au 64. Wavu mfupi huziba haraka, na ukishaziba maji hurudi nje kupitia mdomoni badala ya kuchujwa. Kushona chandarua hakusaidii, kwa sababu matundu yake ni makubwa mara kadhaa kuliko rotifera (kundi la zooplanktoni wadogo zaidi), na ni makubwa hata kuliko viroboto maji wengi.

Kwa rotifera ongeza chekeche la maikromita 20 hadi 30. Wadogo wao hupenya wavu wa 64, na ndio wanaobeba habari nyingi za virutubisho. Ukitegemea wavu mmoja mpana utapata kladosera (viroboto maji) na kopepoda (wenye umbo la punje ya mchele) vizuri, halafu utadhani bwawa halina rotifera.

Vingine ni sahani ya Secchi ya kupimia uangavu wa maji, ya sentimita 20 yenye robo nyeupe na nyeusi, kipima oksijeni na joto chenye waya mrefu, kamba yenye alama kila nusu mita, kichotea maji cha kina, ndoo iliyopimwa lita, chupa za mdomo mpana za mililita 250, chupa ya kunyunyizia, glovu, sukari, formalini au ethanoli isiyo na rangi, maji ya soda yasiyo na ladha, na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli na lebo ikabaki karatasi tupu. Andika kwa penseli kwenye karatasi ngumu na uitumbukize ndani ya chupa. Ya nje hubanduka.

Maabara unahitaji hadubini ya ukuzaji wa mara 40 na 100, na kioo cha kuhesabia cha Sedgewick-Rafter. Kisima chake kina milimita 50 kwa 20 kwa 1, yaani mililita 1 kamili.

Vituo na saa

Bwawa si ziwa. Upande mto unapoingia maji ni ya tope na yanakimbia, upande wa ukuta ni yenye kina na yametulia, na katikati hali hubadilika kidogo kidogo. Weka angalau vituo vitatu kufuata mkondo huo, kila kimoja na chupa zake. Kwa Nyumba ya Mungu, ambako Kikuletwa na Ruvu huingilia kaskazini na Pangani hutokea kusini, vituo vitapangwa kutoka kaskazini kwenda kusini. Kuchanganya vituo kwenye chupa moja ili kuokoa muda ni kutupa taarifa uliyoifuata.

Omba ruhusa kwanza kwa bodi ya maji ya bonde na kwa anayeendesha bwawa, na usikaribie mlango wa maji wala njia ya kumwagia mafuriko. Mabwawa mengi ya ukanda huu yana viboko na mamba, na ufukweni kuna konokono wa kichocho. Jaketi la uokoaji na buti za mpira si mapambo.

Chagua saa moja na uishike mwaka mzima. Mchana kladosera na kopepoda wengi hushuka gizani kuwakwepa samaki, usiku hupanda kula. Anayechota juu tu saa 6 mchana atapata rotifera na kuandika kwamba viroboto maji wametoweka, kumbe wako mita tano chini. Kwa sababu hiyo wavu huvutwa wima kupitia kina chote. Saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana inafaa, maana ndiyo pia saa sahihi ya kusoma sahani ya Secchi.

Mara ngapi kwa mwaka? Kila mwezi ni bora. Ukishindwa, penye misimu miwili ya mvua chukua kabla ya masika, katikati yake, baada yake, na wakati wa vuli. Kwa Mtera, ambako mvua ni ya msimu mmoja, chukua mwisho wa kiangazi, mafuriko yanapoingia, na maji yanapotulia. Sampuli moja ya mwaka haina thamani ya kulinganisha.

Kuvuta wavu

Pima kina kwanza, kisha oksijeni na joto kila mita hadi chini. Soma Secchi upande wenye kivuli cha mtumbwi: shusha hadi ipotee, pandisha hadi ionekane, andika wastani wa vina hivyo viwili.

Shusha wavu hadi mita 1 juu ya sakafu ya bwawa. Ukigusa tope, sampuli imeharibika. Imwage, osha wavu na uanze upya. Pandisha bila kusita kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, hivyo mita 8 zichukue sekunde 16. Ukienda polepole kopepoda huhisi msukosuko na kuruka pembeni. Ukienda kasi, wavu husukuma maji mbele yake na wanyama hukwepa pamoja nayo.

Wavu ukitoka, uoshe kwa kumwaga maji kutoka nje ya kitambaa ili waliong'ang'ania wateremke kwenye kikombe. Ukimwagia maji ya bwawa ndani kupitia mdomoni unaingiza wanyama ambao hukuwavua kwenye mita zile 8, na hesabu nzima inapinda. Vuta mara tatu kwa kila kituo na uweke chupa tatu.

Dalili ya wavu kuziba ni maji kusimama ndani yake na kuchelewa kushuka. Hutokea kwenye mwani mzito na kwenye tope la mafuriko. Hapo achana na mvuto mrefu. Chota kwa kichotea maji lita 10 kutoka vina vitatu au vinne na upitishe kwenye chekeche dogo, ukiandika lita ulizochuja. Kwa mabwawa ya kina kifupi yenye tope tunaipendelea njia hii kuliko wavu hata siku ambazo wavu hauzibi, kwa sababu lita unazijua kwa uhakika. Rotifera, kwa vyovyote, chukua hivi.

Kuhifadhi

Tenga kwanza kikombe kidogo cha wanyama hai, kiwe kivulini ndani ya boksi lenye barafu, ukitazame siku hiyohiyo. Rotifera wenye mwili laini kama Polyarthra, Synchaeta na Asplanchna hujikunja wakagusana na dawa, na baada ya hapo unaona donge lisilo na jina. Wenye gamba, Brachionus na Keratella, husubiri bila shida.

Kwa sampuli ya kuhifadhi, ongeza maji ya soda kwa wingi uleule wa sampuli na subiri dakika 5 hadi 10, wanyama walegee. Chuja tena kwenye chekeche, rudisha kwenye chupa hadi mililita 90, weka gramu 4 za sukari (kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa) na mililita 10 za formalini ya dukani. Sukari ina kazi maalumu. Bila sukari viroboto maji huvimba, ganda hufunguka na mayai yanamwagika. Utakuja kuyahesabu yakielea bila kujua mama yake nani. Formalini huwasha macho na mapafu na inahusishwa na saratani, kwa hiyo fanya kazi hii nje penye upepo, na glovu mkononi. Kabla ya kuhesabu, chuja formalini kwenye dumu lake, kisha osha sampuli kwa maji chini ya bomba juu ya chekeche.

Ukitaka kuepuka formalini, punguza sampuli hadi mililita 25 na ongeza 75 za ethanoli ya asilimia 95. Utapata takriban asilimia 70. Chini ya hapo wanyama huanza kuoza taratibu.

Kuwatambua

Kwa kuanzia si lazima ufike kwenye spishi. Makundi matatu tu yanatosha kwa mwezi wa kwanza.

Rotifera ni wadogo kuliko wote, wengi kati ya milimita 0.1 na 0.5. Kichwani wana duara la nywele zinazopiga maji, na kifuani taya zinazosaga bila kupumzika. Hiyo taya inayocheza ndiyo alama ya haraka kwa aliye hai. Brachionus ana gamba pana lenye miiba mbele na mguu unaojikunja nyuma. Keratella hana mguu na gamba lake lina mistari ya vigae; K. tropica, wa kwetu kabisa, ana miiba miwili ya nyuma ambayo mara nyingi haina urefu sawa. Trichocerca ni mwembamba aliyepinda, mwenye mwiba mrefu wa nyuma.

Kladosera, ndio viroboto maji, wana jicho moja kubwa jeusi na antena mbili wanazopigia maji kwa kurukaruka. Ganda lao ni angavu. Mtazame mmoja hai kwa dakika chache kwenye ukuzaji wa mara 40: moyo unadunda mgongoni karibu na kichwa, utumbo unapita katikati ya mwili, mayai yamekaa kwenye kifuko cha nyuma. Rangi ya utumbo iandike. Kijani maana yake anakula mwani, kahawia ya udongo maana yake anameza tope, na mtupu maana yake ana njaa. Rangi ya mwili nayo iandike. Daphnia au Moina mwenye wekundu ametengeneza hemoglobini nyingi, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, kwa sababu oksijeni ni haba, na habari hii hupotea kwenye chupa ya dawa.

Kopepoda ana mwili kama punje ya mchele wenye mkia uliogawanyika. Kalanoidi ana antena karibu sawa na urefu wa mwili na kifuko kimoja cha mayai. Siklopoidi ana antena fupi na vifuko viwili, kushoto na kulia. Watoto wao, nauplii, wana jozi tatu za miguu na hawafanani na wazazi hata kidogo. Anayeanza huwahesabu kama kupe au rotifera. Wape safu yao kwenye fomu.

Kuhesabu

Pima ujazo wa sampuli nzima, tuseme mililita 100. Ikoroge kwa kuipindua taratibu bila kuizungusha, maana kuzungusha huwakusanya wazito katikati. Nyonya mililita 1 mara moja kwa pipeti ya mdomo mpana. Nyembamba huwakataa kladosera. Jaza kioo, acha watulie dakika chache, hesabu kisima chote. Rudia mara tatu.

Hesabu mpaka spishi au kundi unalolijali lifike 100, ambapo kosa la sampuli ni takriban asilimia 20 juu au chini. Ukitaka asilimia 10 unahitaji 400. Wakubwa na wachache, kama Daphnia au mabuu ya Chaoborus (mdudu anayefanana na mbu), wahesabu kwenye sampuli nzima. Mililita 1 haitawaonyesha.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Wavu wa sentimita 30 una eneo la mita za mraba 0.0707. Mvuto wa mita 8 ni 0.0707 × 8 = mita za ujazo 0.565, yaani lita 565. Kama vioo vitatu vilikupa siklopoidi 62, 71 na 65, wastani ni 66. Mara mililita 100 ni 6,600. Gawa kwa 565 upate 11.7 kwa lita. Takwimu hii hudhani wavu ulichuja maji yote, jambo ambalo si kweli kamwe, kwa hiyo iite makadirio ya chini, au funga kipima mtiririko mdomoni.

Kusoma matokeo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Watu hupata Brachionus wengi na kuandika "maji yamechafuka". Kabla ya kuandika hivyo pita kwenye maswali matatu: samaki, mwendo wa maji, na tope. Kila moja laweza kuwaleta wadogo na kuwaondoa wakubwa bila uchafu wowote.

Samaki kwanza. Ziwa Kariba, bwawa kubwa kati ya Zambia na Zimbabwe, lilipandikizwa dagaa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1967 na 1968. Dagaa hao, wanaoitwa kapenta huko, walikula zooplanktoni wakubwa, na wakabaki wadogo kama Bosmina, kiroboto maji mdogo. Ungefuata jedwali la Ulaya ungedhani maji yameharibika, wakati kilichobadilika ni mdomo wa samaki. Kwa hiyo uliza wavuvi: wamepandikiza nini, wanavua nini, dagaa wameongezeka lini? Ukiona Daphnia lumholtzi mwenye kofia ndefu na mwiba mrefu, hiyo ni dalili kwamba samaki wapo na wanakula.

Kisha mwendo wa maji. Gawa ujazo wa bwawa kwa maji yanayotoka. Bwawa la mita za ujazo milioni 10 linalotoa mita za ujazo 5 kwa sekunde hupoteza mita za ujazo 432,000 kwa siku, kwa hiyo maji hukaa siku 23 hivi. Kwenye joto la nyuzi 25 rotifera humaliza kizazi kwa siku chache, kladosera kwa takriban wiki moja, kopepoda huhitaji wiki mbili au tatu. Masika yakishusha muda huo hadi siku 7, kopepoda husombwa kabla hawajakomaa na rotifera hutawala. Hiyo ni mvua tu.

Na tope. Udongo laini ukijaa majini, kladosera wachujaji huumeza pamoja na chakula na kudhoofu. Secchi ya sentimita 15 yenye maji ya kahawia ni tatizo la mmomonyoko huko juu ya bonde. Secchi hiyohiyo yenye maji ya kijani ni tatizo la virutubisho. Bila kuandika rangi ya maji, takwimu mbili hizo zinafanana.

Ukishaondoa hayo matatu, ndipo dalili zinaanza kusema. Virutubisho vikizidi, kwa kawaida rotifera huongezeka, kalanoidi hupungua kulinganisha na siklopoidi, na spishi chache huchukua sehemu kubwa ya idadi. Mwani wa bluu-kijani kama Microcystis ukitanda, makundi yake makubwa huziba vichujio vya viroboto maji wakubwa na wadogo hubaki. Mayai kwa kila jike nayo yana maana: majike wengi wasio na mayai huku utumbo ni mtupu ni njaa, hata maji yakiwa ya kijani, kwa sababu mwani uliopo hauliki. Efipia nyingi, yaani mayai ya kulala ndani ya ganda jeusi mgongoni, pamoja na madume kuonekana, huashiria msongamano, njaa au maji kukauka.

Fahirisi inayotumika sana ni ya mtafiti wa Czech, Sládeček, ya mwaka 1983: idadi ya spishi za Brachionus gawa kwa idadi ya spishi za Trichocerca. Chini ya 1 ni maji yenye virutubisho vichache, 1 hadi 2 ni ya wastani, juu ya 2 yamerutubika kupita kiasi. Ni rahisi, na ndiyo hatari yake. Kanda za joto zina spishi nyingi za Brachionus kwa asili, kadhaa kati yake hupenda maji ya magadi, na usipopata Trichocerca hata mmoja unabaki unagawa kwa sifuri. Itumie kulinganisha bwawa na lenyewe mwaka hadi mwaka, kwa wavu uleule na bidii ileile ya kutafuta. Kulinganisha Mindu na bwawa la Czech kwa namba hii ni kupoteza muda.

Dalili tunayoiheshimu kuliko zote ni ya ghafla. Kladosera wakitoweka ndani ya wiki moja au mbili, rotifera wakaendelea, samaki hawajaongezeka na maji hayajawa na kasi, shuku dawa ya wadudu. Kladosera huathirika nayo mapema, na ndiyo maana maabara hutumia Daphnia wachanga wa chini ya saa 24 kupima sumu kwa saa 48. Mara nyingi hutokea baada ya mvua ya kwanza kuosha mashamba yaliyopuliziwa. Chota maji siku hiyohiyo kwenye chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, iwe baridini, ipelekwe maabara yenye uwezo wa kupima viuatilifu. Kila siku inayopita dawa hupungua majini.

Linganisha pia na vipimo vya oksijeni. Mabwawa yetu yenye kina mara nyingi hujipanga tabaka, joto juu na baridi chini, na tabaka la chini likaishiwa oksijeni. Ukivuta mita 20 huku zooplanktoni wanaishi mita 7 za juu tu, wastani wako kwa lita utashuka hadi theluthi bila mnyama hata mmoja kufa. Vuta mara mbili, kutoka chini na kutoka kwenye mpaka wa oksijeni, na ripoti zote mbili. Mabuu ya Chaoborus, ambayo hustahimili tabaka hilo na kupanda usiku kuwinda, yakijaa kwenye mvuto wa chini peke yake, shuku tabaka lisilo na hewa hata kama kipima oksijeni chako kimeharibika.

Kwenye fomu andika kila mara: tarehe, saa, kituo, kina, Secchi na rangi ya maji, ukubwa wa matundu, lita zilizochujwa, ujazo wa sampuli, na jina la aliyehesabu. Wahesabuji wawili hutofautiana, kwa hiyo kila chupa ya kumi ihesabiwe na wote wawili. Chupa zihifadhiwe miaka mitano angalau, gizani, na ethanoli iongezwe kila baada ya miezi sita kwa sababu hupotea hata kwenye kifuniko kilichokazwa. Formalini iliyotumika isimwagwe sinki wala bwawani. Ikusanye kwenye dumu lenye lebo na ikabidhiwe kwa hospitali au maabara yenye utaratibu wa kuiteketeza.